Mwongozo Kamili wa Kujenga Mahusiano ya Kibiashara Kupitia Mitandao ya Kitaaluma

Wafanyabiashara wengi huukumbuka mtandao wa kitaaluma, yaani tovuti ambako watu huweka wasifu wa kazi zao na kuunganishwa na wengine, siku wateja wanapopungua, mbia anapojitoa au mradi unapokwama kwa kukosa fedha. Hufungua akaunti kwa haraka, hutuma maombi kwa makumi ya watu wasiowajua, na baada ya wiki moja wakaamua kwamba mitandao hiyo haina faida. Wanachokosea ni wakati. Anayeombwa msaada na mtu asiyemjua ana kila sababu ya kunyamaza, ilhali anayeombwa na mtu ambaye maoni yake amekuwa akiyasoma kwa miezi kadhaa hujibu hata kama hawajawahi kuonana. Kwa hiyo hatua za mwanzo za mwongozo huu ni za maandalizi, za katikati ni za kufahamiana, na maombi ya biashara yenyewe yamewekwa baada ya hayo yote.

Mtandao mkubwa kuliko yote wa aina hii ni LinkedIn, uliofunguliwa kwa umma tarehe 5 Mei 2003, ukanunuliwa na kampuni ya Microsoft mwaka 2016 kwa dola za Marekani bilioni 26.2, na mwaka 2023 ukavuka wanachama bilioni moja. Katika nchi zinazozungumza Kijerumani upo pia XING, ulioanzia Hamburg mwaka 2003. Vipimo na mipangilio inayotajwa hapa ni ya LinkedIn, kwa kuwa ndiko msomaji atakakokutana na watu wengi zaidi, lakini utaratibu wa kuwafikia watu na kuwatunza haubadiliki popote pale.

Hatua ya kwanza: Amua unamtafuta nani

Kabla ya kugusa akaunti, andika kwa sentensi moja mtu unayetaka kumfahamu na sababu yake. "Natafuta wateja" haitoshi, kwa sababu haikuonyeshi pa kuanzia. Chukua mfano wa mtengenezaji wa vifungashio vya dawa, ambaye tutaendelea kumtumia katika hatua zinazofuata. Sentensi yake inaweza kuwa hivi: "Nataka kuwafahamu maofisa manunuzi na mameneja wa uzalishaji katika viwanda vidogo vya dawa, kwa sababu hao ndio wanaochagua chupa na vifuniko." Sentensi hiyo inamwonyesha vyeo vya kutafuta, aina ya kampuni na ukubwa wake. Baada ya hapo aorodheshe kampuni ishirini au thelathini ambazo angependa kufanya nazo kazi, na kwenye kila moja aandike cheo cha mtu anayehusika hata kama jina lake bado halijajulikana.

Usiishie kwa wanunuzi peke yao. Biashara husaidiwa na watu wa aina nyingi: wauzaji wa malighafi, wahasibu, wanasheria wa mikataba, wahandisi wa mitambo, waandishi wanaofuatilia sekta yako, na hata washindani ambao siku moja watapata oda kubwa kuliko uwezo wao na kutafuta wa kuwasaidia. Mhandisi anayekarabati mitambo ya viwanda kumi anajua mapema kuliko yeyote ni kiwanda kipi kinapanua uzalishaji.

Hatua ya pili: Andika wasifu kwa ajili ya msomaji

Wasifu unasomwa na mtu mwenye swali moja tu: huyu anaweza kunisaidia nini? Watu wengi hulijibu kwa kuorodhesha vyeo na vyeti, kana kwamba wanaomba kuajiriwa. Mfanyabiashara anapaswa kuanza na kazi anayowafanyia wengine.

Mstari ulio chini ya jina lako ndio unaosafiri nawe kila mahali, maana huonekana kwenye utafutaji, kwenye maoni unayoandika na kwenye maombi unayotuma. Una nafasi ya herufi 220, na kuuachia maneno kama "Mkurugenzi Mtendaji" pekee ni kuipoteza. Mtengenezaji wetu angeandika: "Natengeneza chupa na vifuniko vya dawa kwa viwanda vidogo vinavyoagiza kuanzia vipande 5,000." Anayesoma anajua papo hapo kama jambo hilo linamhusu, na asiyehusika anapita bila kumpotezea mwenzake muda.

Sehemu ya maelezo binafsi ina nafasi ya herufi 2,600, lakini mgeni huonyeshwa mistari michache tu ya mwanzo mpaka abonyeze kuendelea. Weka tatizo unalolitatua katika mistari hiyo, kisha eleza unavyolitatua, umewahi kulitatua kwa nani (pale unaporuhusiwa kumtaja), na namna ya kukufikia. Andika kwa nafsi ya kwanza. Maelezo ya nafsi ya tatu humfanya msomaji ahisi kwamba anasoma tangazo lililoandikwa na mtu mwingine, na mtu hawezi kuanzisha mazungumzo na tangazo.

Picha iwe ya uso wako, ya karibuni, yenye mwanga wa kutosha. Nembo ya kampuni ina mahali pake kwenye ukurasa wa kampuni. Badilisha anwani ya wasifu iwe na jina lako bila tarakimu zinazowekwa na mfumo, ili iweze kuandikwa kwenye kadi ya biashara. Kama unafanya biashara kwa lugha mbili, LinkedIn inakuruhusu kuandika wasifu kwa lugha zaidi ya moja, na kila msomaji akauona kwa lugha inayomfaa.

Omba pia ushuhuda wa maandishi kutoka kwa wateja wawili au watatu walioridhika. Usiwaachie kazi ya kufikiri waandike nini. Wakumbushe kazi yenyewe na uwaulize jambo mahususi, kwa mfano kama mzigo ulifika kwa wakati au kama bei ilibaki kuwa ile iliyokubaliwa. Ushuhuda unaosema "alirekebisha kifuniko kilichokuwa kinavuja ndani ya wiki mbili" una uzito ambao sifa kumi za jumla haziwezi kuufikia.

Hatua ya tatu: Anza na wanaokujua

Watafute waliosoma nawe, uliofanya nao kazi, wateja wa zamani, wauzaji wanaokuhudumia na watu mliobadilishana kadi kwenye mikutano. Hawa watakubali ombi lako la kuunganishwa kwa wepesi, na kila mmoja wao anakufungulia watu wake mwenyewe.

Wale mliopoteana wana thamani ambayo watu wengi huidharau. Mwaka 2011 watafiti Daniel Levin, Jorge Walter na Keith Murnighan walichapisha utafiti ambao ndani yake mameneja waliombwa kuwarudia watu ambao hawakuwa wamewasiliana nao kwa miaka kadhaa na kuwauliza ushauri kuhusu kazi iliyo mezani. Ushauri waliopata ulikuwa na manufaa makubwa, mara nyingi kuliko ule wa watu wanaowasiliana nao kila siku. Sababu yake inaeleweka: mtu wa zamani bado anakuamini, lakini katika miaka mliyoachana amejifunza mambo ambayo wewe na walio karibu nawe hamyajui. Usione haya kumwandikia. Mtakie heri, mweleze kwa ufupi uliko sasa, na umuulize anafanya nini siku hizi.

Hapa inafaa tahadhari moja. Mtandao utakuomba ruhusa ya kusoma orodha yote ya anwani za barua pepe au simu yako ili ukutafutie watu. Kataa, kisha waalike mmoja mmoja. Mwaka 2015 LinkedIn ilikubali kulipa dola milioni 13 kumaliza kesi iliyofunguliwa nchini Marekani na wanachama waliolalamika kwamba watu waliomo kwenye anwani zao walitumiwa barua za kuwakumbusha mwaliko, tena kwa majina ya wanachama hao. Hata pale mfumo unapofanya kazi vizuri, orodha ya anwani ina wapangaji, madaktari, jamaa na watu mliogombana. Wote hao hawahitaji kupokea mwaliko wa kibiashara kutoka kwako siku moja.

Hatua ya nne: Ingia kwenye mzunguko wa pili

Hii ndiyo hatua inayostahili muda wako mwingi kuliko zote. LinkedIn huwapanga watu kwa daraja: daraja la kwanza ni uliounganishwa nao moja kwa moja, la pili ni watu wa hao, na la tatu ni watu wa daraja la pili. Biashara mpya kwa kawaida hutoka daraja la pili.

Mwanasosholojia Mark Granovetter alilieleza jambo hili tangu mwaka 1973. Marafiki wa karibu wanafahamiana wao kwa wao na wanapata habari zilezile. Mtu mnayefahamiana kwa mbali ndiye anayekuletea habari ambazo kundi lako halinazo. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha uchambuzi wa majaribio yaliyofanyika ndani ya LinkedIn kwa muda wa miaka mitano, yakihusisha watu zaidi ya milioni 20. Watafiti walikuta kwamba waliowasaidia wengine zaidi kuhamia kazi mpya ni watu wenye uhusiano hafifu kiasi, yaani wenye marafiki kadhaa wa pamoja, wala si wageni kabisa, wala si wandani. Utafiti huo ulihusu ajira, lakini mfanyabiashara anayetafuta wateja anategemea njia hiyohiyo ya kupata habari, na mimi sioni sababu ya kuipuuza.

Fungua orodha yako ya kampuni na utafute kila moja. Mfumo utakuonyesha kama kuna mtu wako anayemfahamu mtu wa pale. Kabla ya kuomba utambulisho, hakikisha kwanza kwamba wanafahamiana kweli, kwani watu wengi wameunganishwa na wasiowakumbuka. Kisha andika ujumbe unaomrahisishia kazi yule wa katikati, kama huu:

"Habari za kazi. Nimeona umeunganishwa na meneja manunuzi wa kiwanda kile cha dawa. Je, mnafahamiana vizuri? Ninatengeneza vifuniko visivyofunguliwa na watoto, na ningependa kujua wanatumia vipimo gani kwa sasa. Ukiona inafaa, naomba unitambulishe; nimeambatisha maelezo mafupi unayoweza kumpelekea kama yalivyo. Ukiona si wakati wake, nitaelewa kabisa."

Ujumbe huo unauliza kama uhusiano upo, unataja sababu moja iliyo wazi, unampa maneno tayari ya kupeleka, na unamwachia mlango wa kukataa bila aibu. Jambo la mwisho ni la lazima. Anayekutambulisha anaweka heshima yake dhamana kwa ajili yako, na asipopewa nafasi ya kukataa atanyamaza tu, halafu ombi lako la pili nalo litakuwa zito kwake. Utambulisho ukifanyika, mjulishe matokeo hata kama hayakuzaa biashara. Watu wengi husahau jambo hili, nao hushangaa kwa nini hawatambulishwi tena.

Hatua ya tano: Mwandikie usiyemjua

Wapo ambao hutapata wa kukutambulisha kwao. Ombi lako kwa hao liambatane na maneno, ingawa akaunti zisizolipiwa huwekewa kikomo cha idadi ya maombi yenye ujumbe kwa mwezi, na ujumbe wenyewe lazima uwe mfupi. Ufinyu huo unakulazimisha kuchagua, na kuchagua ni jambo jema.

Soma kwanza alichoandika mhusika, au kampuni yake imetangaza nini. Kisha sema vitu viwili tu: umemjuaje, na kwa nini yeye. Mfano: "Habari za kazi. Nimesoma maelezo yako kuhusu dawa za maji kuharibika zikiwa njiani. Nami ninashughulikia vifuniko vya chupa, na tatizo hilo tunaliona upande wetu. Ningefurahi kufuatilia kazi yako." Hakuna bei, hakuna kiungo, hakuna ombi la mkutano. Hayo yote yana wakati wake.

Asipojibu, usimrudie kwa ujumbe wa pili. Mpokeaji anaweza kuuarifu mtandao kwamba hakujui, na taarifa za namna hiyo zikirundikana akaunti yako inaweza kuzuiwa kutuma maombi. Kila baada ya mwezi au miwili pitia maombi yaliyobaki bila jibu na uyafute, ukijua kwamba baada ya kufuta huenda usiweze kumwalika mtu huyo tena kwa muda unaofikia wiki tatu.

Programu zinazotuma maombi zenyewe kwa mamia zipuuzwe kabisa. Masharti ya LinkedIn yanazikataza, na anayezitumia anaweza kufungiwa akaunti aliyoijenga kwa miaka.

Hatua ya sita: Geuza muunganisho kuwa uhusiano

Ombi likikubaliwa, watu wengi hutuma orodha ya bei siku hiyohiyo. Mpokeaji hujiona amenaswa. Shukuru, uliza swali moja linalohusu kazi yake, kisha usubiri. Katika wiki zinazofuata tafuta nafasi ya kumfaa kwa jambo dogo: mpelekee taarifa ya kanuni mpya inayogusa sekta yake, mtambulishe kwa mtu anayemhitaji, au ujibu swali alilouliza hadharani. Baada ya kubadilishana ujumbe mara mbili au tatu, pendekeza mazungumzo ya simu ya dakika kumi na tano na utaje mada. Mazungumzo ya sauti hujenga imani ambayo maandishi huichelewesha, na hapo ndipo unapoweza kusema waziwazi kwamba unauza kitu na kuuliza kama anakihitaji.

Tunza kumbukumbu nje ya mtandao. Lahajedwali rahisi (jedwali la kompyuta, kama la Excel) yenye jina, kampuni, mlikofahamiana, mlichozungumza mara ya mwisho na tarehe ya kumrudia inatosha kabisa. LinkedIn inaruhusu hadi miunganisho 30,000, lakini hakuna binadamu anayeweza kuwakumbuka watu wa idadi hiyo. Mwanaanthropolojia Robin Dunbar alikadiria kwamba uwezo wetu wa kudumisha mahusiano thabiti unaishia karibu na watu 150. Chagua thelathini au arobaini wenye umuhimu kwa biashara yako na uhakikishe hakuna anayepitisha robo mwaka bila kusikia neno kutoka kwako. Waliobaki utawakuta siku ukiwahitaji.

Hatua ya saba: Onekana mahali wanapozungumza

Ushauri unaotolewa kila mahali ni kwamba uchapishe kila siku. Kwa mfanyabiashara mwenye kazi nyingi, mimi nashauri kinyume: anza na maoni. Maoni mazuri chini ya chapisho la mtu anayefuatwa na wateja wako husomwa na watu uliowakusudia hasa, na mwenye chapisho hukujua kwa jina. Maoni mazuri yanaongeza kitu, kama vile uzoefu wa kazini, takwimu unayoijua kwa hakika au swali la msingi. "Hongera sana" haikumbukwi na yeyote.

Ukizoea, chapisha mara moja kwa wiki au kwa wiki mbili. Eleza tatizo uliloliona kazini na namna lilivyotatuliwa, bila kutaja siri za mteja. Kisha jibu kila anayeandika chini yake, kwa sababu mazungumzo yenyewe ndiyo yanayokupa watu wapya wa kuwaalika. Vikundi ndani ya mtandao vingi vimejaa matangazo; jiunge na kimoja au viwili vyenye mjadala halisi na uviache vingine.

Hatua ya nane: Tafuta kwa ustadi

Kisanduku cha kutafutia kinaelewa zaidi ya jina. Weka maneno mawili ndani ya alama za kunukuu ili yatafutwe yakiwa pamoja. Tumia maneno AND, OR na NOT kwa herufi kubwa ili kuunganisha, kuchagua au kuondoa. Kisha chuja kwa daraja la pili, kwa eneo na kwa sekta. Mtengenezaji wetu angetafuta "meneja manunuzi" OR "ofisa manunuzi", akaongeza neno dawa, na kurudia utafutaji huohuo kwa lugha nyingine ambayo watu wa sekta yake huandikia wasifu. Akaunti isiyolipiwa ina kikomo cha utafutaji wa kibiashara, nacho huanza upya kila mwezi.

Akaunti ya kulipia inakuwezesha kuwaandikia watu usiounganishwa nao na kuona zaidi waliotembelea wasifu wako. Usiinunue kabla hujamaliza hatua zilizotangulia, kwa kuwa hakuna malipo yanayoweza kuufanya wasifu dhaifu uaminike.

Hatua ya tisa: Linda akaunti na watu wako

Mwaka 2012 nenosiri zipatazo milioni 6.5 za wanachama wa LinkedIn zilivujishwa, na mwaka 2016 ikabainika kwamba akaunti zilizoguswa zilizidi milioni 100. Tumia nenosiri usilolitumia kwingine, na uwashe uthibitishaji wa hatua mbili, yaani kuombwa namba ya ziada baada ya nenosiri. Atakayeiteka akaunti yako atawaandikia wateja wako kwa jina lako, nao watamwamini.

Kuwa makini na wasifu usiokuwa na historia, wenye picha inayong'aa kupita kiasi na cheo kikubwa, hasa unapokuharakisha kuhamia kwenye programu nyingine ya ujumbe au kufungua faili. Kabla ya kujadili fedha, ipigie simu kampuni husika kwa namba iliyo kwenye tovuti yake rasmi, wala si kwa namba aliyokupa mhusika.

Katika mipangilio, ficha orodha ya miunganisho yako ili mshindani asiweze kuisoma kama orodha ya wateja wako. Mnaofahamiana nao kwa pamoja bado wataonekana, na hilo ni jema kwa ajili ya utambulisho. Unaweza pia kumwondoa mtu bila yeye kupewa taarifa. Mwisho, angalau mara mbili kwa mwaka pakua nakala ya data zako, ambayo ndani yake mna faili la miunganisho lenye majina, kampuni, vyeo na tarehe mliyounganishwa. Anwani za barua pepe mara nyingi hazimo, kwa sababu wenyewe wamezificha, kwa hiyo ziombe moja kwa moja wakati mazungumzo bado ni ya karibuni na uziandike kwenye lahajedwali yako.